Safu ya Maelezo

Kibanda cha nne kilikuwa cha wageni, kwa sababu paa lake lilivuja na wakongwe wa chama cha kuhesabu ndege walikuwa na akili zao timamu. Walijigawia vibanda vitatu vya upande wa jua, vyenye mabenchi ya mito, kisha wakatangaza kwa ukarimu mkubwa kwamba kibanda cha nne ndicho chenye mandhari nzuri kuliko vyote. Mandhari ilikuwa nzuri kweli. Tatizo ni kwamba mvua nayo ilikuwa ikiingia kuitazama.

Mama Pazia hakuyajua hayo alipopangiwa. Hakujua hata kwamba ameomba kujiunga. Fomu ilijazwa na binti yake, mfamasia, mtu aliyezoea kuwaambia watu wameze nini na mara ngapi kwa siku. Binti aliona kwamba mama aliyefiwa na mume miaka sita iliyopita, ambaye hatoki nyumbani ila kwenda kupima madirisha ya watu, anahitaji hewa safi mara moja kwa wiki. Mama alipouliza kwa nini hakuulizwa, binti akamjibu kwamba chaguo la pili lilikuwa darasa la kuogelea. Kati ya kuwatazama bata na kuwa bata, afadhali kutazama.

Alikuwa ameshona mapazia kwa miaka thelathini na mmoja, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu. Kumbe kazi hiyo ilikuwa imemnoa bila yeye kujua. Mtu anayeweza kulitupia jicho pazia la ukumbi na kusema lina marinda mia moja na manne hawezi kusumbuliwa na kundi la bata. Wenzake walihesabu ndege mmoja mmoja, midomo ikichezacheza. Yeye aliwahesabu kwa mafungu ya nane, kama anavyopanga ndoano za pazia, na alikuwa amemaliza wenzake wakiwa bado wanatafuta mahali pa kuanzia.

Hesabu ilifanywa Jumapili sita za majira ya machipuko, ndege wa majini walipokuwa wakirudi kaskazini na kutua ziwani kupumzika. Kila kibanda kilikuwa na watu wawili. Mmoja alikaa kwenye darubini, mwingine akashika daftari, na kila baada ya nusu saa walibadilishana. Wa daftari aliandika mstari mmoja: saa, aina ya ndege, idadi yao, na mwishoni kabisa kulikuwa na safu pana iliyoandikwa Maelezo. Kisha akatia sahihi. Juu ya yote hayo kulikuwa na kanuni moja isiyo na mchezo, kwamba ndani ya kibanda hakuna kusema hata neno. Mwaka uliotangulia mawifi wawili walianza kusutana ndani ya kibanda cha pili, na korongo wote waliokuwa ziwani wakaondoka wakati mmoja. Tangu siku hiyo hata kupiga chafya kulifanywa ndani ya mkono wa koti.

Mwenzake kwenye kibanda cha nne alikuwa mzee mmoja mrefu, mgeni kama yeye, aliyestaafu baada ya miaka thelathini na minne kwenye kituo cha kusukuma maji ya mji. Watu walimwita Bwana Pampu. Alikuja kwa baiskeli, suruali imebanwa kwa vibanio vya nguo, akavua kofia, akainamisha kichwa kwa salamu, akakaa. Mama Pazia akamwona ni mtu nadhifu na hakumfikiria zaidi ya hapo.

Saa moja asubuhi ya Jumapili hiyo ya kwanza Bwana Pampu aliandika kibisi sita na mnandi kumi na wanne. Kwenye safu ya Maelezo akaongeza kwamba kibisi wawili wameelekeana kifua kwa kifua wanatikisiana vichwa, na kwamba hajui kama wanabishana au wanakubaliana. Zamu ya Mama Pazia ilipofika, akausoma mstari huo. Akaandika idadi yake, kisha maneno yakamponyoka tu: “Wanakubaliana. Wanaobishana hawasogeleani hivyo.”

Nusu saa baadaye alimwona Bwana Pampu akiusoma, na mabega ya yule mzee yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka bila sauti, mkono mdomoni, macho yamejaa machozi. Mama Pazia naye akashikwa. Hakuna kicheko kibaya kama cha mahali pa kunyamaza. Walikaa pale kama watoto walioshikwa na kicheko darasani, kila mmoja akiogopa kumtazama mwenzake, na bata sabini wakapita mbele ya darubini bila kuhesabiwa na mtu.

Jumapili ya pili ilinyesha. Bwana Pampu aliandika bata wenye vichwa vyekundu mia mbili na kumi, kisha kwenye Maelezo: “Paa linavuja juu ya kiti cha kulia. Kaa kushoto.” Mama Pazia akahamia kushoto, na zamu yake ilipofika akaandika kwamba sasa anayelowa ni yeye Bwana Pampu. Jibu lilikuja na bata bukini arobaini: “Nimelowa kazini miaka thelathini na minne. Mvua inanijua.”

Jumapili ya tatu aliandika kwamba skafu ya kijani inampendeza. Mama Pazia akajibu kwamba si skafu, ni kipande kilichobaki kwenye pazia la hoteli. Bwana Pampu akaandika, “Basi hoteli imepata hasara,” na Mama Pazia akalazimika kutazama darubini kwa dakika kumi nzima huku mfuniko wa kioo ukiwa haujaondolewa.

Mtu atauliza kwa nini hawakuzungumza nje ya kibanda kama watu wazima. Walijaribu. Zamu ilikwisha saa tatu kamili, binti alikuwa tayari na gari njiani, injini inaunguruma, na wale wawili wakisimama mlangoni kila mtu alikuwa bubu. Bwana Pampu angesema baridi leo. Mama Pazia angesema baridi kweli. Kisha kila mtu angeondoka akijilaani. Mikono iliyokuwa na maneno mengi ndani, nje haikujua hata pa kujiweka.

Kazini kwake mambo yakaanza kwenda kombo. Alishona pazia la daktari wa meno maua yakiwa yametazama chini. Alipima dirisha moja mara mbili, akapata vipimo viwili tofauti, akaridhika na vyote. Siku moja alishona bitana kwa ustadi mkubwa, akanyanyuka kwenda kujibu simu, pazia zima likamfuata, kwa sababu alikuwa amelishona pamoja na sketi yake. Binti alimkuta anacheka peke yake sebuleni akiifumua, akamshika paji la uso kama ana homa.

Alikuwa na furaha ya kipumbavu kabisa, na alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa, na hakujua aiweke wapi.

Jumapili ya nne ndiyo waliyoandika mambo ya ndani. Mama Pazia aliandika kulasitara watatu, kisha akasema kwamba marehemu mumewe asingeweza kukaa kimya dakika tano hata kwa kulipwa, na kwamba alimpenda hivyo hivyo na kelele zake, lakini kimya hiki nacho ni kitamu. Zamu yake ilipofika Bwana Pampu aliandika kwamba marehemu mke wake alikuwa akiimba jikoni, na kwamba mashine za kazini zilikuwa zimemharibia sikio moja, kwa hiyo miaka mingi alisikia nyimbo nusu nusu. “Sikio zima ni la kushoto,” aliandika. “Upande unaokaa wewe.”

Mama Pazia aliusoma mstari huo mara nne. Kisha akahesabu mnandi kwa mafungu ya nane, akapata idadi yenye nusu ndege.

Halafu ikaja Jumapili ya tano, na mabata yale. Mama Pazia hakuwa amewahi kuyaona mengi hivyo. Yalishuka saa mbili na nusu, kundi juu ya kundi, yakajaza maji kutoka matete ya huku mpaka matete ya kule, na Bwana Pampu aliyeshika daftari akaandika kwa kuhesabiwa vidole, maana Mama Pazia alikuwa kwenye darubini akimwonyesha mafungu kwa mkono. Mia nane na arobaini. Hakuna kibanda kilichowahi kuandika idadi hiyo kwa mstari mmoja. Mama Pazia aligeuka kumtazama akiwa na tabasamu la sikio hadi sikio, na Bwana Pampu hakutabasamu. Alisukuma daftari upande wake.

“Nahama Jumatano ya wiki ijayo, baada ya hesabu kwisha,” ilisema safu ya Maelezo. “Mwanangu amenipatia chumba kwake, mji mwingine. Sikujua namna ya kukwambia.”

Nje gari lilipiga honi. Mlangoni Bwana Pampu akasema upepo leo. Mama Pazia akasema upepo kweli. Akaingia kwenye gari, akafunga mlango juu ya koti lake mwenyewe, na njia nzima lile koti likapepea nje.

Wiki hiyo alishona sawasawa, kila rinda mahali pake, na hiyo ndiyo ilimwonyesha jinsi alivyokuwa na huzuni. Alitaka Bwana Pampu abaki. Hakuwa na cheo cha kumwambia hivyo. Kwani yeye ni nani? Ni mwanamke aliyelowa naye tu.

Jumapili ya sita wote wawili waliandika idadi tu. Safu ya Maelezo ilikaa nyeupe, mstari baada ya mstari, karibu saa mbili nzima. Zamu ya mwisho ya daftari ilikuwa ya Mama Pazia. Ilipobaki robo saa, korongo walitokea kusini, juu sana, wakazunguka ziwa mara moja na kuanza kushuka, wakubwa, wa kijivu, miguu imening’inia, wakipiga kelele ambazo hata sikio la kulia la Bwana Pampu lilizisikia. Yeye alikuwa kwenye darubini amesahau kuvuta pumzi. Mama Pazia hakuhitaji darubini. Mafungu thelathini na tisa kamili, mia tatu na kumi na wawili. Akaandika. Kwa uzuri wa jambo lile akapiga moyo konde na kuandika kwenye Maelezo: “Usihame. Ukihama, mimi Jumapili nitaamka kufanya nini?”

Akatia sahihi. Akaliona neno lake limekaa pale kwa wino, akaingiwa na woga kama mtu aliyejiona kwenye kioo amesahau kuvaa. Akafunga daftari pap. Saa tatu. Honi. Akalitumbukiza daftari kwenye sanduku la chama lililo nje ya mlango, na Bwana Pampu, ambaye hakuwa amesoma chochote, akasema baridi imepungua. Mama Pazia akasema imepungua kweli.

Alijipa moyo kwamba basi yamekwisha. Alikuwa ameliona kabati la chama, limejaa madaftari ya miaka ishirini yenye vumbi la kupandia mbegu. Alijua kwa uhakika kabisa kwamba mtu hujumlisha idadi, kisha daftari huingia kabatini na halifunguliwi tena mpaka mwisho wa dunia. Hakuna aliyemwambia vingine. Wakongwe walikuwa wamesahau kwamba wageni hawajui.

Mkutano wa kufunga hesabu ulikuwa alasiri ya siku hiyo hiyo, ukumbi wa maktaba, viti vya plastiki, watu kama arobaini. Binti alijitolea kuhudumia chai. Mbele kwenye meza alikaa katibu wa chama, aliyejulikana kama Bi Karani kwa sababu alikuwa karani wa mahakama miaka arobaini, na mbele yake kulikuwa na madaftari manne, rula, na kalamu ya wino mwekundu.

Akafungua la kwanza. Akasoma mstari wa kwanza kwa sauti, tarehe, saa, ndege, idadi, na Maelezo yote, neno kwa neno. Mzee mmoja akasimama, akasema, “Nasimamia.” Akakaa. Mstari wa pili. Mwanamke mwingine akasimama, akasimamia.

Mama Pazia akamwinamia jirani yake kuuliza ni kitu gani hiki. Jirani akamweleza kwa furaha. Zamani kuna mwanachama aliyeandika ndege elfu tano akiwa amelala usingizi kibandani, na chama kikaaibika mbele ya vyama vingine. Tangu hapo kila mstari husomwa wote hadharani, aliyeandika akasimama na kuusimamia. Asiposimama, mstari unapigwa wino mwekundu, ndege na kila kitu. Na Bi Karani haruki hata neno moja, jirani akasema kwa fahari. Husoma hata makosa.

Kijasho chembamba kikamtoka Mama Pazia. Aligeuka. Safu mbili nyuma, Bwana Pampu alikuwa amegeuka rangi ya karatasi. Ilionekana naye ana jirani mwenye kueleza mambo vizuri.

Kibanda cha kwanza kikaisha, kikaja cha pili, kikaja cha tatu. Maelezo ya wenzao yalikuwa “mawingu kiasi” na “upepo wa wastani”. Ikatangazwa chai.

Mama Pazia hakuwahi kuiba kitu tangu azaliwe, lakini watu walipojipanga kwenye chai yeye alijikuta kando ya meza ya mbele, amekunja skafu mkononi, akijitia hamnazo huku anatazama ramani ya ziwa ukutani. Akapeleka mkono nyuma. Akalishika daftari la kibanda cha nne. Akalivuta. Halikuja. Akageuka, akakuta upande wa pili wa daftari kuna mkono mwingine, na mkono ule ulikuwa wa Bwana Pampu, naye alikuwa anatazama dari.

“Kumbe na wewe,” Bwana Pampu akasema kwa sauti ya chini.

“Na mimi.”

“Niachie mimi. Nina baiskeli nje.”

Lilikuwa pendekezo zuri, na Mama Pazia nusura alikubali. Lakini hapo hapo akakumbuka kwamba mzee huyu hajausoma mstari wa mwisho. Daftari likitupwa ziwani, na “usihame” litazama nalo, na Jumatano gari la kumhamisha litakuja. Na likisomwa, litasikiwa na watu arobaini pamoja na binti yake. Alitaka kuliiba na alitaka lisomwe, vyote kwa nguvu sawa, kwa hiyo alibaki amelishikilia tu. Walisimama hivyo, kila mtu na upande wake, vidole vyao vikigusana kwa mara ya kwanza chini ya jalada, na kati ya woga wake wote Mama Pazia akaona kwamba hana haraka ya kuachia.

“Mama,” akasema binti yake, aliyetokea na birika, “mnagombania nini?”

Wakaachia wote wawili. Bi Karani alikuwa amefika. Akaliokota daftari, akawashukuru kwa kumshikia, akawaambia wakakae.

Akasoma. Mungu amsamehe katibu yule, alisoma kama anayesoma hukumu. “Wanakubaliana, nukta. Wanaobishana hawasogeleani hivyo, nukta.” Mama Pazia akasimama, akasema nasimamia kwa sauti ya panya, akakaa. “Paa linavuja juu ya kiti cha kulia. Kaa kushoto.” Bwana Pampu akasimamia. Ukumbi ulikuwa umeacha kunywa chai. Kwenye “mvua inanijua” mtu akacheka nyuma, akanyamazishwa si kwa hasira, bali kwa kuwa watu walitaka kusikia. Kwenye hoteli kupata hasara, safu nzima ya wanawake ikaegemeana. Mama Pazia alisimama na kukaa, akasimama na kukaa, uso unamwaka, na hakuthubutu kutazama upande wa kulia kwake, ambako binti alikuwa amekuja kukaa na birika lake mapajani.

Binti alisikia habari ya baba yake na kelele zake. Mama Pazia alimhisi akitulia kabisa. Kisha mkono wa binti ukaja, ukakaa juu ya goti lake, haukuondoka.

Jumapili ya tano. “Mabata, mia nane na arobaini,” akasoma Bi Karani, na wakongwe wakatoa mguno wa wivu. Kisha akasoma kuhusu Jumatano, na mwana, na chumba, na kutojua namna ya kukwambia. Hakuna aliyecheka. Watu walikuwa wamejisahau, wamekaa kwenye ncha za viti. Bwana Pampu akasimama polepole, akitazama viatu vyake.

“Nasimamia,” akasema.

Basi. Amesema mbele za watu, ameshaweka sahihi, na anahama.

Bi Karani akafungua ukurasa. Jumapili ya sita ilikuwa nyeupe, nyeupe, nyeupe, nasimamia, nasimamia. Kisha akarekebisha miwani. “Saa tatu kasorobo. Korongo, mia tatu na kumi na wawili.” Ukumbi ukalipuka. Watu walipiga makofi, mtu akapiga meza. Bi Karani akangoja watulie. “Maelezo,” akasema. “Usihame, nukta. Ukihama, mkato, mimi Jumapili nitaamka kufanya nini, alama ya kuuliza.”

Mama Pazia alibaki amekaa. Bi Karani alinyanyua kalamu ya wino mwekundu, akaweka rula kwenye mstari, akangoja, kwa maana kanuni ni kanuni, na wakongwe wakaanza kumtazama Mama Pazia kwa macho ya kusihi, maana korongo mia tatu na kumi na wawili walikuwa karibu kupotea.

Binti yake akamwinamia sikioni. “Mama,” akanong’ona, “simama. Na usinidanganye kwamba ni kwa ajili ya korongo.”

Akasimama. “Nasimamia,” akasema, na safari hii sauti ilifika mpaka mlangoni. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshasimama na hakuna kibaya zaidi kilichobaki kutokea, akageuka nyuma na kumwambia yeye mwenyewe, upande wa sikio la kushoto. “Nasimamia yote. Korongo na hayo mengine.”

Bwana Pampu alikuwa amesimama tayari. Hakuna aliyemwona akinyanyuka. Alikuwa ameishika kofia yake kwa mikono miwili, anaizungusha kama usukani.

“Bi Karani,” akasema, “naomba turudi ukurasa mmoja. Ule mstari wangu wa Jumapili ya tano siusimamii tena.”

Bi Karani akamtazama juu ya miwani. Akamweleza, kwa subira ya mahakamani, kwamba mstari hauna nusu. Ukifutwa, umefutwa wote. Mabata mia nane na arobaini yatatoka kwenye hesabu ya chama, na bila hayo chama kitakuwa nyuma ya chama cha ziwa jirani, kama mwaka jana na mwaka juzi. Wakongwe wakaanza kunung’unika. Mzee wa kibanda cha kwanza alishika kichwa kwa mikono miwili. Mtu akapendekeza iitishwe kura.

Bwana Pampu aliwaangalia wote kwa huruma ya kweli. Alijua mabata yale yalivyokuwa, alikuwepo.

“Futa na mabata,” akasema.

Bi Karani akaweka rula. Wino mwekundu ukapita juu ya Jumatano, juu ya mwana na chumba cha mji mwingine, juu ya mabata mia nane na arobaini, taratibu, mpaka mwisho wa mstari. Wakati huo Mama Pazia alikuwa amekwisha kuanza kucheka, mkono mdomoni, mabega yanatikisika, na safu mbili nyuma yake yalikuwa yakitikisika mabega mengine.